Mitamba chotara wa Charolais, uzao wa kwanza: niwapandishie dume gani?

Kijana wa Goweko

Habari za saa hizi wakuu. Naomba ushauri wafugaji wenzangu, hasa mlioko huku kwetu Tabora na Kigoma mnaoyajua mazingira yetu.

Nipo Uyui upande wa Goweko. Nina mitamba saba, chotara wa Charolais (ng'ombe wa nyama wa Ufaransa) na Boran (ng'ombe wa nundu wa huku Afrika Mashariki). Mama zao ni Boran wa hapa hapa nyumbani, walipandishwa kwa mrija (mbegu ya dume iliyogandishwa, mtaalamu anaiweka kwa mkono) na hawa ndo matokeo yake. Umri ni miezi 22 kwenda 25. Rangi ni ya maziwa, wengine kama kahawia iliyopauka, na ukiwaangalia kwa nyuma mapaja yamejaa unaona kabisa huyu sio ng'ombe tuliyemzoea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa. Sasa majani yamekubali wameanza kupandana wenyewe kwa wenyewe malishoni, kwahiyo wakati wa dume umefika na mimi bado sijaamua.

Kuna dume la jirani, sio damu kamili ila limekaribia sana Charolais, jeupe pee, nikisimama nalo mgongo wake unanifika kidevuni. Jirani hataki hela, anataka akizaliwa jike mmoja achukue. Kuna dume letu la Boran, jekundu, miaka mitatu, tulivu, limezaliwa hapa hapa bomani. Na kuna mrija tena, ila mhimilishaji anatoka Tabora mjini na wakati mwingine anafika joto, yaani ule muda jike anataka dume, limeshapita.

Baba mdogo ambaye ndo mwenye sauti kwenye boma anasema twende na lile jeupe, maana tulishaanza kupandisha damu sasa kwanini turudi nyuma, halafu dume kubwa ndama mkubwa, na mnadani ng'ombe ananunuliwa kwa macho. Anasema pia mama zao ni Boran wadogo tu na walizaa chotara hawa bila shida yoyote, sasa watoto wao ambao ni wakubwa kuliko mama zao watashindwaje?

Mimi hofu yangu ni kitu nilichokiona kijiji cha pili. Mtamba chotara alishindwa kuzaa, wakafunga kamba miguu ya ndama wakavuta watu wanne kwa mpigo, ndama akatoka amekufa na mama hakusimama tena, miguu ya nyuma ilikuwa imelala kama sio yake, siku ya tatu akachinjwa. Sitaki hilo linikute. Hawa mitamba ndo akiba ya familia nzima.

Ng'wana Nzega

Boran. Usizunguke.

Baba mdogo anaongea kama mtu anayenunua ng'ombe, wewe hapo unazalisha, ni vitu viwili tofauti. Uzao wa kwanza shabaha ni moja tu, ndama hai na mama hai aliyesimama ambaye atashika mimba tena mapema. Damu utapandisha uzao wa pili akishafunguka nyonga. Mtamba ana uzao wa kwanza mmoja tu maishani mwake, baada ya hapo ana mingine sita saba ya kumpa dume lolote unalolitaka.

Dokta wa Mifugo Urambo

Mdogo wangu umeuliza jambo zuri na umeliuliza kabla, wengi tunaitwa usiku wa manane mguu mmoja wa ndama ukiwa tayari nje.

Nianze na hoja ya baba mdogo maana sio hoja ya kijinga, ina jibu lake. Mama zao walizaa salama kwa sababu mbili. Kwanza walikuwa majike yaliyokwisha kuzaa, njia imeshafunguka, na ng'ombe mwenye nundu ana tabia ya kumbana ndama tumboni asikue kupita kiasi hata kama baba yake ni mkubwa. Ndama wa Boran anazaliwa na kilo 25 mpaka 30 hivi, ndama wa Charolais kamili anafika 45 na madume yanapita hapo. Pili, wale ndama walikuwa nusu. Sasa ukiweka dume jeupe juu ya mitamba hawa, ndama atakuwa robo tatu Charolais, na anayembeba ni mtamba ambaye hajawahi kuzaa na bado mwenyewe anakua. Ukubwa wa mwili unaouona kwa nje haukwambii upana wa nyonga. Mapaja kujaa ndo kabisa sio dalili ya njia pana.

Halafu kuna uzito wa dume lenyewe. Dume linalokufika kidevuni haliwezi kuwa chini ya kilo mia saba na zaidi, likimpanda mtamba wa mia tatu anaweza kuumia mgongo au kuteguka mguu kabla hata hatujafika kwenye kuzaa.

Lakini kabla ya dume lolote, pima mitamba. Utepe wa kupimia uzito unazungushwa kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, asubuhi kabla hajala. Mtamba anapandishwa akifika asilimia 60 mpaka 65 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Chotara kama hao nategemea wakikomaa wawe kwenye mia tano hivi, kwahiyo asiyefika 320 msubirishe, haijalishi ana miezi mingapi. Umri hauzai, mwili ndo unaozaa.

Sasa dume lenu jekundu, hapa ndo nina swali na naomba unijibu kwa uhakika: mama yake ni nani? Umesema limezaliwa hapo hapo bomani. Kama mama yake ndo mama wa mmoja wa hao mitamba basi ni kaka yake, na ukiwapandisha unaharibu kile kile ulichokitafuta kwa mrija. Angalia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Dume la jirani, hata kama lingekuwa dogo, linapanda ng'ombe wa watu wangapi? Kuna magonjwa yanakaa kwenye sehemu za dume bila lenyewe kuonesha chochote, linaambukiza majike yanatupa mimba au hayashiki kabisa. Na brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Mitamba safi wanastahili dume safi, ikiwezekana ambalo halijazunguka, na damu yake ipimwe kwanza.

Na mtu asije akakushauri Brahman eti naye ana nundu kama Boran. Brahman akiwekwa kwa jike lenye damu ya Ulaya ndama anakuja mkubwa. Boran wetu hana balaa hilo kwa kiwango hicho.

Mzee wa Mnadani

Sikubaliani na wote kwa asilimia mia. Nanunua ng'ombe miaka mingi, ndama wa Boran juu ya mtamba chotara anakuwa robo tu Charolais, ile nyama ya nyuma inapungua na mnunuzi anaona. Kijana amegharamia mirija halafu mnamwambia arudi Boran. Mbona hamuongelei kuchagua dume la Charolais lenye ndama wadogo? Yapo.

Mhimilishaji Kanda ya Magharibi

Mzee shikamoo. Uko sahihi kwamba yapo, ila ngoja nieleze yanapatikanaje maana hapa ndo watu wanapotea.

Dume la Charolais huwezi kulijua kwa kuliangalia. Dume dogo kwa macho linaweza kuzaa ndama wa kilo 50 na dume kubwa likazaa wa 40. Kinachokwambia ukweli ni rekodi za ndama wake walivyozaliwa. Wafaransa wenye ng'ombe wao, na daftari la ukoo wa Charolais lilifunguliwa Nevers mwaka 1864 kwahiyo wamewajua muda mrefu, kila dume la mirija wanalipa alama ya urahisi wa ndama wake kuzaliwa, wanaiandika IFNAIS. Wastani ni 100. Dume la 110 ndama wake wanazaliwa kirahisi kuliko wastani, la 85 ni la majike wakubwa waliozoea kuzaa. Ukipewa mrija wa Charolais bila karatasi yenye namba hiyo, au ile ya Wamarekani ya urahisi wa kuzaa, usimpe mtamba. Dume la jirani halina karatasi yoyote, ndo tatizo lake kubwa kuliko hata uzito.

Na hao Wafaransa na utaalamu wao wote, kwa kawaida mtamba wa Charolais wanamwacha azae mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu. Sio kwamba hawana haraka ya hela, wanajua nyonga inataka muda. Tena hapo wana daktari wa kupasua dakika chache kutoka bomani. Sisi Goweko barabara ya mvua unaijua.

Kitu kingine kwenye Charolais kuna ile jeni (kitu cha kurithi kwenye damu) ya misuli kuota maradufu, ndama anakuja na mapaja mapana na mabega mapana, kichwa kinatoka halafu anakwama. Mirija mizuri siku hizi inaandikwa kama dume limepimwa na halina.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, kama unataka mrija kwa uzao wa kwanza, tafuta Angus wa ndama wepesi. Mwili wa nyama upo, ndama anazaliwa mdogo halafu anakimbia kukua, na hana pembe. Au Boran wa mrija, ulizia kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River kupitia afisa mifugo wako. Ipo pia mirija iliyochambuliwa jinsia, tisa kati ya kumi wanakuja majike, na ndama jike anakuwa mwepesi kuliko dume kwa kilo mbili tatu, hizo kilo kwa mtamba sio ndogo. Ila kushika mimba kunapungua kidogo.

Kuhusu mhimilishaji kuchelewa, mwenye makosa sio joto. Ng'ombe akionekana anasimama kupandwa asubuhi, anahimilishwa jioni. Akionekana jioni, kesho asubuhi. Kwahiyo ukipiga simu saa moja asubuhi una mchana wote. Shida ni watu wanapiga saa kumi jioni kwa ng'ombe aliyeonekana jana. Na mtu akija na mtungi muulize naitrojeni iliongezwa lini na mwambie akufungulie uone mvuke. Mbegu inakaa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mtungi ukiwa mkavu anachomuwekea ng'ombe wako ni maji.

Kijana wa Goweko

Nashukuru sana wakuu, nasoma kila neno. Dokta nimemuuliza mama maana yeye ndo anakumbuka nani kazaliwa na nani. Dume jekundu mama yake ni yule Boran mwenye pembe moja, na mitamba wawili kati ya saba ni wa mama huyo huyo. Kwahiyo swali lako limeniokoa. Na jana nimezungusha utepe, watano wako kati ya 325 na 350, wawili wako 290.

Baba mdogo nimemsomea yote haya, kanyamaza kidogo halafu akauliza mtamba akikwama kuzaa usiku huko Kasulu au Nzega watu wanafanyaje.

Mama Ankole wa Kasulu

Mwambie baba mdogo salamu, kauliza kitu cha msingi kuliko hata dume.

Mimi huku Kasulu mitamba wangu wote uzao wa kwanza nawapa dume la Ankole, pembe kubwa lakini ndama mdogo wa miguu mirefu anateleza tu. Hata hivyo sijawahi kumuacha mtamba peke yake akikaribia. Mimba ni siku 283 hivi, aliye na damu ya Charolais anaweza kupitisha siku tatu nne, andika tarehe aliyopandwa kwenye daftari au kwenye nguzo ya zizi kama mimi. Ukipandisha katikati ya Februari unategemea mwisho wa Novemba, mvua ndo zimeanza, majani machanga, mama atapata maziwa. Ukichelewesha mpaka Juni unamzalisha Machi na ananyonyesha akiingia kiangazi.

Chakula miezi mitatu ya mwisho watu wanagawanyika. Kuna wanaomnyima mtamba chakula eti ndama asikue. Msifanye hivyo jamani. Ndama anakua tu, anakula mwili wa mama, na mama anafika siku ya kuzaa hana nguvu ya kusukuma. Ila pia usimpe mashudu ya pamba mpaka anang'aa, mafuta yanajaa ndani pembeni ya njia na yanabana. Ukimtazama kwa nyuma mbavu mbili za mwisho zionekane kwa mbali, zisihesabike zote. Chumvi ya kulamba iwepo siku zote.

Siku yenyewe: atajitenga, mkia utakuwa umeinuka, kiwele kimejaa, mishipa pembeni ya mkia imelegea. Mfuko wa maji ukishatokea angalia saa. Mtamba anasukuma, mpe saa moja. Kila mara uone kuna kitu kimeongezeka, kwato, halafu pua. Kwato mbili nyayo zinaangalia chini na pua imelala juu yake, hiyo iko sawa, muache afanye kazi. Nyayo zikiangalia juu inaweza kuwa miguu ya nyuma, piga simu hapo hapo. Saa imepita hakuna kilichoongezeka, piga simu, usisubiri asubuhi.

Kama lazima uvute kwa sababu daktari hafiki, nawa na sabuni mpaka kwenye kwapa, vaa glavu ndefu. Glavu sio urembo, brusela inampata binadamu na inakaa muda mrefu mwilini. Paka mafuta ya kula mengi ndani. Kamba safi laini, kitanzi cha kwanza juu ya kifundo cha mguu na cha pili chini yake, ili nguvu igawanyike mfupa usivunjike. Vuta mguu mmoja kidogo halafu mwingine kidogo, kwa zamu, na vuta mama anaposukuma tu, akipumzika na wewe pumzika. Kichwa na mabega vikishatoka badilisha uelekeo, vuta kwenda chini kuelekea miguu ya mama. Akikwama kiunoni mgeuze ndama robo mzunguko, nyonga yake inapita kwa upana wa juu. Watu wawili wanatosha. Watu wawili wakishindwa hiyo sio kazi ya watu wanne, ni kazi ya daktari na kisu. Yule mtamba wa kijiji cha pili mishipa ya fahamu ndani ya nyonga ndo ilibanwa, hiyo miguu kulala ndo yenyewe.

Akitoka safisha pua, msugue na majani makavu, kitovu chovya kwenye ayodini, na dang'a, yale maziwa ya kwanza, aipate ndani ya masaa sita. Kondo likipita masaa 24 halijatoka usilikate wala kulivuta, mwite mtaalamu.

Mzee wa Mnadani

Mama ahsante kwa elimu hii. Nimekubali kwa uzao wa kwanza. Uzao wa pili turudi kwenye Charolais ya karatasi.

Dokta wa Mifugo Urambo

Mzee hata uzao wa pili mimi ningefikiria mara mbili kama nafuga upande wetu. Msitu wa miyombo kuanzia Sikonge mpaka Kaliua mbung'o wapo, na kupe hawajawahi kutuacha. Nusu Charolais anavumilia ukimuogesha kila wiki na kumchanja ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Robo tatu, ndorobo (ugonjwa wa mbung'o) ikimpiga mara moja kiangazi anashuka mwili wote uliomgharamia. Mwenye malisho ya uzio na dawa ya kutosha ajaribu. Anayechunga mbali abaki na nusu, apate nyama na apate usingizi.

Kijana, wale wawili wa 290 wape miezi miwili mitatu na mashudu kidogo, utawapandisha kwa mrija kwa wakati wao. Ila ukiwaacha zizi moja na dume hawatasubiri ruhusa yako, watenge.

Kijana wa Goweko

Sawa dokta. Tumekubaliana na baba mdogo hivi: jekundu letu litauzwa au lihasiwe tulifanye maksai. Mjomba wa mama yuko Sikonge ana dume la Boran la miaka miwili na nusu, halijatoka bomani kwake, ukoo tofauti kabisa. Tunalipima damu kabla halijapanda gari. Wale wawili nawatenga leo. Jirani nimemshukuru vizuri tu, hana kinyongo.

Swali la mwisho, dume nikae nalo muda gani? Na kwa mitamba watano halitachoka?

Dokta wa Mifugo Urambo

Watano ni wachache, dume changa linabeba hata kumi. Liache siku 60, joto linarudi kila siku 21 kwahiyo kila mtamba anapata nafasi mbili tatu. Likifika lipumzike wiki moja peke yake uangalie kupe na kinyesi kabla hujalichanganya. Siku 60 zikiisha liondoe, usiliache likazurura humo mwaka mzima maana tarehe zitapotea na Mama Ankole kakwambia umuhimu wa tarehe. Baada ya miezi miwili niite au muite yeyote aliye karibu awapime mimba kwa mkono. Ambaye hajashika wakati wenzake wote wameshika, na mwili anao, huyo muuze ungali bei nzuri.

Majibu ya damu ya dume yakitoka weka hapa, usilipakie kabla.